Bili ya kodi iko kwenye friji, mke wangu analala chumba cha watoto

Shikamoo Mama,

Nakuandikia usiku, nimeegesha lori kwenye kituo cha mafuta njiani kwenda Iowa. Sipigi simu nyumbani kwa sababu najua itapokewa na binti yangu, si mama yake.

Mimi ni baba wa watoto watatu. Nilifika Illinois mwaka 2013, nyumba tukanunua 2018, uraia nikapata 2019. Mji wetu uko kusini-magharibi mwa Chicago, ukivuka tu mpaka wa Kaunti ya Cook. Mwaka wa kwanza kodi ya majengo ilikuwa dola 6,240. Mwaka huu ni dola 9,066. Nimeibandika bili hiyo kwenye mlango wa friji kwa sumaku, na kila nikienda kuchukua maziwa naisoma upya. Nimeshaikariri. Thamani ya soko dola 340,000, thamani ya kukadiriwa 113,330, punguzo 0, kiwango asilimia 8. Halafu wanafuata wanaogawana: wilaya ya shule 5,340, mji 1,020, zimamoto 800, kaunti 610, viwanja vya burudani 420, maktaba 290, chuo cha jamii 270, hifadhi ya misitu 130, tarafa 90, barabara za tarafa 75, na mbu 21. Mbu, Mama. Kuna serikali ya kuua mbu, nayo inanidai.

Bado jimbo. Kodi ya mapato asilimia 4.95. Kodi ya petroli ilipandishwa kutoka senti 19 hadi 38 kwa galoni Julai 2019, kisha ikawekewa utaratibu wa kuongezeka mwaka baada ya mwaka. Mtu anayeishi kwenye usukani anaona kila senti.

Na nikitoka nje sioni kinachonunuliwa. Shimo lililo mbele ya nyumba yetu limezibwa mara tatu kwa lami ya kumwaga na koleo, mvua ikinyesha linafumuka. Mwaka huohuo mji ukajenga ubao wa kukaribisha wageni, wa mawe, wenye skrini, kwa dola 180,000. Napita hapo saa kumi alfajiri nikienda kazini, skrini inawaka kwa barabara tupu.

Mwezi uliopita bodi ya shule iliitisha mkutano kuhusu kuomba kibali cha wapiga kura ikope fedha za kukarabati majengo. Nikaenda. Kila msemaji ana dakika tatu, na mezani kuna kitaa kidogo: kijani, njano, chekundu. Nilipoanza nilikuwa na karatasi. Taa ilipogeuka njano nikaiacha karatasi nikasema yaliyokuwa moyoni, nikasema katika shule zetu kuna watu wazima wanaolipwa kukaa na mtoto mmoja kutwa nzima, na hizo ndizo pesa zetu zinapokwenda. Watu wakapiga makofi. Taa ikawa nyekundu nikaenda kukaa.

Mke wangu ni mmoja wa hao watu wazima. Ni msaidizi wa darasa katika wilaya hiyohiyo. Mkutano ulikuwa unarushwa mtandaoni na wenzake waliutazama. Nilipofika nyumbani alikuwa amesimama jikoni bado amevaa koti. Aliniambia neno moja tu: "Mtoto ninayekaa naye hawezi kumeza chakula bila mtu kumshika kidevu." Akaenda kulala chumba cha watoto. Hii ni wiki ya tatu.

Mama, mimi si mtu mbaya. Ninachouliza ni hiki. Je, nikikataa kulipa hadi wanieleze matumizi, nitakuwa nimekosea? Kaka yangu yuko Indiana anasema tuhamie huko, kodi ni nusu. Au ninyamaze tu kama wengine, nilipe, nizeeke? Na mke wangu nimwambie nini? Nilichosema kuhusu fedha bado nakiamini.

Dereva, Illinois

* * *

Marahaba mwanangu, na pole na barabara.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa macho na mara ya tatu kwa kalamu, na kalamu imesimama kwenye sifuri. Umeandika "punguzo 0" ukapita. Hilo usilipite. Illinois, mwenye nyumba anayeishi katika nyumba yake mwenyewe ana haki ya kupunguziwa thamani ya kukadiriwa: dola 10,000 akiwa Kaunti ya Cook, 8,000 akiwa katika kaunti zinazopakana nayo kama wewe, 6,000 kwingineko. Haliji lenyewe. Anayenunua nyumba lazima aliombe kwa mkadiriaji, na siku ile ya kusaini mrundo wa karatasi za mkopo wengi wetu hatukuambiwa, au tuliambiwa tukiwa tumeshachoka kusikiliza. Kwa kiwango chako cha asilimia 8, hizo 8,000 ni dola 640 kila mwaka. Mpigie mkadiriaji wa tarafa yako siku ya kwanza utakayokuwa nyumbani. Uliza fomu, kisha uliza kama mwaka uliopita unaweza kusahihishwa. Nimekutana na Watanzania, Wakenya na Wakongo waliolipa miaka na miaka bila punguzo hili, na inaniuma kila mara.

Na usiidharau ile tarafa ya dola 90. Ndiyo yenye ofisi ya huyo mkadiriaji.

Sasa tuje kwenye hasira. Kutoka 6,240 hadi 9,066 ni ongezeko la karibu asilimia 45 katika miaka michache, na mshahara wa dereva haukupanda hivyo. Una haki ya kuuma meno. Ila umeikasirikia jumla, na jumla haina mwenyewe. Hakuna mtu hata mmoja katika Illinois aliyekaa akaamua ulipe dola 9,066. Bodi kumi na moja zilikaa katika vyumba kumi na moja, usiku tofauti, kila moja ikaamua mstari wake. Jimbo letu lina serikali ndogondogo karibu 7,000, nyingi kuliko jimbo lolote la Marekani, na ndiyo maana unajisikia kama mtu anayepigwa gizani asijue mkono umetoka wapi.

Fikiria mchango wa harusi. Kamati inakaa, inapanga bajeti: ukumbi, chakula, mziki, magari. Ikishajua jumla, ndipo inagawa: fulani ana duka, atoe zaidi, fulani ni mwanafunzi, atoe kidogo. Kadi inakufikia wewe mwisho kabisa. Kodi ya majengo inakwenda vivyo hivyo. Bajeti ya kila bodi ndiyo tozo. Thamani ya nyumba yako inaamua tu fungu lako katika hiyo tozo. Nyumba za mji mzima zikipanda thamani kwa pamoja, lakini tozo ikabaki palepale, kiwango kinashuka na bili yako haitikisiki. Kwa hiyo kuna milango miwili tofauti. Ukiona nyumba yako imekadiriwa juu kuliko nyumba zinazofanana nayo mtaani, unakata rufaa kwa Bodi ya Mapitio ya kaunti ndani ya siku 30 tangu makadirio yatangazwe. Hapo unapigania fungu lako dhidi ya mafungu ya majirani. Ukiona harusi yenyewe ni ya kifahari mno, unakwenda kwenye kamati. Watu wengi wanabeba hasira ya kamati kuipeleka kwenye rufaa ya fungu, wanashindwa, wanasema serikali haisikii.

Na kamati inakaa lini? Hapa ndipo ninapotaka ukae vizuri. Bili unayoilipa Juni na Septemba ni ya mwaka uliopita. Kila bodi lazima ipeleke tozo yake kwa karani wa kaunti kufikia Jumanne ya mwisho ya Desemba. Maana yake maamuzi yanafanyika kati ya Oktoba na Desemba, wakati wewe uko barabarani na shughuli za sikukuu na hakuna bili yoyote kwenye friji. Bodi ikitaka kuongeza tozo kwa zaidi ya asilimia 5, sheria inailazimisha kutangaza gazetini na kufanya kikao cha wananchi. Tangazo hilo lina fremu nyeusi kama tanzia. Litafute.

Mimi nilikaa miaka sita kwenye bodi ya maktaba ya mji wetu. Ni kazi ya kuchaguliwa, haina mshahara. Kila Juni simu zilikuwa haziishi: mbona kodi, mbona kodi. Nilikuwa najibu kwa adabu huku najua siwezi kumsaidia anayepiga, kwa sababu namba aliyonayo mkononi tuliipitisha miezi saba iliyopita, katika chumba chenye viti arobaini vitupu. Kila Novemba viti vilikuwa vitupu. Mwaka mmoja tu alikuja mzee mmoja, fundi bomba mstaafu. Hakupandisha sauti. Alikuwa na karatasi mbili: bajeti yetu na ripoti ya mkaguzi. Akasema, "Akiba yenu inatosha kuendesha maktaba miezi kumi na minne. Kwa nini mnaongeza tozo?" Tukatazamana. Mwenyekiti akamtazama mkurugenzi, mkurugenzi akafunua kurasa. Hatukuwa na jibu, mwanangu. Lilikuwepo ongezeko kwa sababu mwaka uliotangulia lilikuwepo. Usiku ule tuliiacha tozo palepale. Mzee yule alitumia chini ya dakika moja katika zile tatu zake, na aliizuia kodi ya mji mzima isipande.

Wewe ulitumia dakika tatu zote, ukapigiwa makofi, na hakuna kilichobadilika. Nakuambia hivi kwa sababu naona una uwezo wa yule mzee. Mtu anayekariri mistari kumi na moja ya bili yake si mtu wa kawaida.

Basi tuipime mistari yenyewe. Ubao wa mawe umekuuma, na nakubali, ni matumizi ya aibu wakati barabara zina mashimo. Lakini mji wenye nyumba 7,000, ukigawanya dola 180,000, kila nyumba imetoa karibu dola 26, mara moja. Shule zinakuchukua 5,340 kila mwaka, asilimia 59 ya bili nzima. Mtu akiweka nguvu zake zote kwenye dola 26, wenye 5,340 wanapumua. Na hata zile 1,020 za mji, usidhani zinakwenda kwenye mabao na lami. Illinois ina mifuko ya pensheni ya polisi na zimamoto zaidi ya 600, kila mji mfuko wake, na sheria inaitaka ifikie asilimia 90 ya fedha zinazohitajika ifikapo 2040. Kuna miji ambayo karibu tozo yote ya majengo inamezwa na pensheni kabla fundi wa barabara hajanunuliwa hata koleo. Uliza mji wako: katika tozo yetu, pensheni ni kiasi gani? Ni swali la sekunde kumi, na jibu lake litakueleza lile shimo kuliko matusi yoyote.

Jimbo nalo ni ugonjwa huohuo kwa ukubwa zaidi. Kwa miongo mingi Springfield, makao makuu ya jimbo letu, iliahidi wafanyakazi pensheni na kuchangia pungufu ya ilivyotakiwa. Mwaka 1994 wakatunga mpango wa kulipa polepole hadi 2045, wakaweka mzigo mkubwa mwishoni, yaani kwetu na kwa watoto wako. Leo pengo ni zaidi ya dola bilioni 140. Mwaka 2013 wakajaribu kupunguza mafao. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya jimbo ikakataa kwa sauti moja, kwa sababu Katiba ya 1970 inasema mafao hayo hayawezi kupunguzwa. Na mahakama ilikuwa sahihi, maana mwalimu aliyekatwa mshahara wake miaka thelathini hakuikopesha serikali kwa mzaha. Lakini deni ni deni. Kila dola inayokwenda kulifidia ni dola isiyokwenda shuleni, na jimbo lisipozipa shule za kutosha, shule zinageukia nyumba yako. Kuna sehemu ya bili yako ya leo iliyoandikwa kabla hujapanda ndege kuja Amerika. Hilo linanikasirisha mimi kuliko ubao.

Wezi wapo pia, sikatai. Ulikuwa bado hujafika ilipotokea ya Dixon, mji wa watu wapatao 16,000 magharibi mwa hapa. Mdhibiti wa fedha wa mji ule, Rita Crundwell, alifungua akaunti ya siri kwa jina la mji mwaka 1990, akachota hadi 2012: zaidi ya dola milioni 53. Alifuga farasi wa mashindano kwa mamia. Barabara zikakosa matengenezo, na akiulizwa upungufu umetoka wapi, alisema jimbo linachelewesha malipo. Watu waliamini, kwa sababu jimbo kweli lilikuwa linachelewesha. Madiwani wakiulizana kila mwaka, wakaguzi wakisaini kila mwaka. Kilichomwangusha ni kwamba alikwenda likizo ndefu mwaka 2011, na karani wa mji aliyekuwa anamshikia kazi akaiomba benki taarifa za akaunti zote. Neno ni hilo, "zote". Ikaja akaunti ambayo hakuwahi kuiona. Crundwell alihukumiwa kifungo cha karibu miaka ishirini. Mji ambao haukuweza kuziba mashimo ulikuwa unalisha farasi, na aliyeufumbua alikuwa mtu mmoja aliyeomba karatasi.

Wewe pia unaweza kuomba karatasi. Sheria ya Illinois ya uhuru wa habari inailazimisha ofisi ya umma kukujibu ndani ya siku 5 za kazi, wanaweza kuongeza 5 nyingine, na kurasa 50 za kwanza nyeusi na nyeupe ni bure. Huhitaji wakili wala kueleza sababu. Baruapepe fupi kutoka kwenye kituo cha mafuta inatosha: naomba mkataba wa ubao, zabuni zote zilizoletwa, na ratiba ya kukarabati barabara. Wengine wanaosoma hapa wana grinkadi tu, yaani ukaazi bila uraia. Nanyi mnaweza kuomba karatasi, mnaweza kusimama kwenye kipaza sauti, kodi mnalipa kama kila mtu. Msichoruhusiwa ni kupiga kura, na nawasihi msijaribu hata kwa bahati mbaya, hata mtu akiwapa fomu ya kujiandikisha kwenye ofisi ya leseni. Kura moja inaweza kumfukuzisha mtu nchini.

Umeniuliza kuhusu kukataa kulipa. Usifanye. Kama una mkopo wa nyumba, kuna uwezekano mkubwa benki inakata fungu la kodi kila mwezi na kulilipa yenyewe, kwa hiyo unayemgomea ni benki, na benki haina ubao wa mawe. Kama unalipa mwenyewe, riba itaanza kuhesabiwa, kisha kaunti italiuza deni lako kwenye mnada wa mwaka, na aliyelinunua, usipolikomboa kwa wakati, anaweza kuidai nyumba. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilimtetea bibi wa miaka 94 wa Minneapolis, Geraldine Tyler: alidaiwa dola 15,000, nyumba ikauzwa 40,000, kaunti ikabaki na 25,000 za juu. Majaji wote tisa walisema haikuwa halali kaunti kubaki na ziada. Lakini nyumba ilikwisha kwenda. Lipa chini ya pingamizi la moyo wako, ila lipa.

Indiana, kaka yako hakudanganyi. Katiba yao tangu 2010 inaweka ukomo: nyumba ya kuishi haivuki asilimia 1 ya thamani yake, isipokuwa wapiga kura wenyewe wakubali nyongeza. Nyumba kama yako ni takriban dola 3,400 badala ya 9,066. Ni tofauti kubwa na sitaki kuifunika. Ongeza upande wa pili kodi ya mapato ya kaunti, ambayo Illinois hatuna, na gharama za kuuza na kununua, na riba ya mkopo mpya ukilinganisha na ile mliyopata 2018. Ongeza pia kwamba mkeo ana kazi hapa. Kama baada ya hesabu hizo mnaona faida, nyinyi wawili, hameni bila aibu. Ila ikiwa mnahama ili usionane na wale watu wa mkutanoni, hiyo utaibeba hadi Indiana.

Kunyamaza ndiko nisikokutakia kabisa. Nyingi kati ya bodi hizi zinachaguliwa Aprili ya miaka witiri, uchaguzi ambao wengi hawajui kuwa upo. Bell, mji wa watu wapatao 36,000 California, mwaka 2005 ulipiga kura ya kubadili hadhi yake, ikajitokeza chini ya watu 400. Mabadiliko hayo yakawafungulia madiwani njia ya kujilipa karibu dola 100,000 kwa kazi ya muda, na meneja wa mji akafika karibu 800,000, katika mji wa vibarua waliokuwa wanalipa kodi ya majengo kwa kiwango cha juu kuliko matajiri wa Beverly Hills. Waandishi wa habari walipoyaanika mwaka 2010 ndipo watu wakafurika barabarani. Uchaguzi ujao kwetu ni Aprili 2027. Bodi ya shule ina viti saba, havilipi mshahara, na kugombea hakukulazimu kukusanya saini zaidi ya 50. Sikusukumi. Nakuonyesha tu mlango ulipo.

Sasa mkeo.

Uliyoyasema kwenye ile taa ya njano hayakuwa kweli, na lazima uyajue hivyo kabla hujafungua mdomo mbele yake. Bodi ya shule haikuamua kwa ukarimu wake kumweka mtu karibu na mtoto mmoja. Sheria ya shirikisho tangu 1975 inasema mtoto mwenye ulemavu ana haki ya kusoma, na mpango wake wa masomo ukiandika kwamba anahitaji mtu, wilaya lazima imtafutie mtu. Congress yenyewe, bunge la Marekani lililotunga sheria hiyo, iliahidi kutoa kwa kila mtoto wa aina hiyo hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya kumsomesha mwanafunzi mmoja, na karibu miaka yote haijafika hata nusu ya ahadi. Iliyobaki inalipwa na jimbo na mstari wa 5,340 kwenye friji yako. Kama ulitaka kusimama na kusema kuna aliyekimbia deni, yupo. Hakuwa mkeo, wala yule mtoto anayeshikwa kidevu.

Usimwendee na maelezo haya yote. Nimekupa wewe uyajue. Kwake nenda na samahani fupi, na uiondoe ile bili kwenye friji mwenyewe, asiione tena anapopika. Akishakubali kukaa na wewe, siku hiyo au wiki nyingine, muulize habari za kazi yake na umsikilize mpaka mwisho. Amekaa ndani ya huo mstari mkubwa kila siku, wewe unauona kutoka nje. Anajua ni wasaidizi wangapi wameajiriwa na wilaya na wangapi wanakodiwa kutoka wakala, na wakala anatozaje kwa saa kulinganisha na anachopata yeye. Anajua basi lipi linazunguka na watoto wanne, na vifaa gani vilinunuliwa vikafungiwa stoo. Wiki zote hizi umekuwa ukitafuta mtu wa kukueleza fedha zinakwenda wapi.

Halafu rudi kwenye mkutano wa bodi, mwezi huu kama una nafasi. Ukifika kwenye kipaza sauti, sekunde ishirini za kwanza, taa ikiwa bado kijani, waambie wasaidizi wa madarasa kwamba uliwakosea, mbele ya kamera ileile. Sekunde zinazobaki uliza swali lako la fedha, ambalo ninatumaini mtakuwa mmeliandika wawili.